Kipimautulivu cha Daktari Mutinda

Kila sekunde arobaini Mpitisho ulimeza kondoo ishirini na kutema kondoo ishirini. Mkanda laini ulipita chini ya tumbo la mnyama, ukamnyanyua hadi kwato zikaning'inia hewani, ukamwingiza peke yake katika kichumba cheupe, mlango ukafungwa. Humo ndani mikono minne ya chuma ilifanya kazi ambayo zamani ilihitaji wanaume watatu na asubuhi nzima. Mmoja ulikagua kwato, wa pili ulitoa dawa ya siku hiyo, wa tatu ulichungulia mdomoni, wa nne ulipima uzito na joto. Fimbo hakuna, matusi hakuna. Kondoo elfu kumi na mbili walipitishwa hivyo kila siku, Jumapili ikiwemo.

Juu ya kila mlango kulikuwa na taa iliyoitwa kipimautulivu. Ilisikiliza sauti ya mnyama, ikatazama alivyorusha miguu, kisha ikatoa hukumu. Kijani maana yake ametulia. Nyekundu maana yake anaogopa, na nyekundu moja tu ilitosha kusimamisha mkanda wote. Tangu Mpitisho ufunguliwe katika shamba lile la vioo, kwenye miinuko juu ya jiji la Enaiposha, miezi mitano ilikuwa imepita na nyekundu haikuwahi kuwaka. Kampuni ilijitapa kwa hilo mpaka ikachosha watu.

Na kondoo walikuwa wanakufa. Mia tatu na kumi na mmoja kwa siku kumi na nane, mapafu yameoza, na majike wakitupa mimba mabandani kila asubuhi.

Aliyebuni kipimautulivu alikuwa Daktari Mutinda Kyalo, mtaalamu wa mifugo, na tusiharakishe kumwonea huruma. Alikuwa amekagua maji, majani na hewa. Jambo moja tu hakulikagua, nalo ni taa yake mwenyewe. Asubuhi ile aliitwa ofisini kutia sahihi ripoti iliyokwisha kuandikwa: kondoo wamelishwa sumu, na aliyewalisha ni Resian, mhudumu wa Banda la Sita.

Ushahidi ulikuwa kwamba katika mabanda yote tisa, lake ndilo lililopoteza kondoo wanne tu.

"Anayejua sumu iko wapi ndiye anayejua kuwaepusha wake," alisema mkurugenzi, Bi. Kerubo Nyamwaro, bila hata kuinua macho. "Saa sita anatoka hapa. Nyumba ya kampuni anarudisha. Polisi watamkuta getini."

Resian alikuwa amesimamishwa ndani ya lango la kioo pale mlangoni mwa ofisi, kichumba chembamba kilichofungwa. Tangu mwezi uliopita malango kama hayo yalikuwa yamewekwa kila mahali shambani. Kila mfanyakazi alisimama humo peke yake sekunde arobaini kabla ya zamu na sekunde arobaini baada yake, na taa ikasema kama ametulia. Yalitumia ubongo uleule wa Mpitisho, kwa kuwa kampuni haikuona sababu ya kununua wa pili. Juu ya kichwa cha Resian iliwaka kijani.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mfupi, mwenye sauti ya chini na ulimi mkali. Nyumba aliyokuwa anapokonywa ndiyo aliyoishi na mama yake aliyepooza.

"Mama Naipanoi," Mutinda alimwambia Resian, akimwita kwa jina la mwanawe, na hasira yake haikujificha, "rekodi inaonyesha umezuia mlango wa kichumba kwa buti lako mara mia tisa. Mia tisa! Unavuruga mashine yangu kwa nini?"

"Ili yule wa ndani amwone mwenzake wa nje."

"Amwone ili iwe nini?"

"Kondoo hatengwi, Daktari. Mtenge, na ujue umemuua. Hata wa kuchinjwa tunampeleka na mwenzake hadi mlangoni. Nyinyi mnamtenga kila siku, mnamning'iniza hewani, halafu mnauliza nani amewapa sumu."

Mkurugenzi alicheka. "Taa zote ni za kijani. Ungekuwa ukweli huo, wangepiga kelele."

"Nani apige kelele?" Resian alimgeukia Mutinda, akamtazama kwa dharau kamili. "Daktari, kwenu ni wapi?"

"Kitui. Kwani?"

"Kwenu mlifuga nini?"

"Mbuzi," Mutinda alijibu. Kipimautulivu kilipokuwa kinafundishwa maana ya hofu, kilihitaji saa elfu mbili za sauti na picha za wanyama walioshikwa, na yeye alijua pa kuzipata: kwa baba yake na kwa majirani, siku za chanjo, siku za kukata pembe. Katika fomu za wizara safu ilikuwa moja, mbuzi na kondoo, na hakuna aliyewahi kuuliza. Naye hakujiuliza.

"Mbuzi akiogopa, mtaa mzima unajua," Resian alisema. "Kondoo akiogopa ananyamaza. Anakaza miguu, anatazama ukutani. Mtoto wa miaka minne wa kwetu anajua hilo. Wewe umesoma mpaka wapi?"

Mutinda aliona haya, kisha akachukia kuaibishwa mbele ya watu. Akatoka bila kuaga. Alikata fungu la manyoya kutoka kwa mzoga wa Banda la Pili, akakata jingine kwa kondoo hai wa Banda la Sita, akayatia yote mawili katika kichambuzi cha maabara. Manyoya hayajui kudanganya. Mnyama akishtuka, mwili hutoa homoni ya hofu, na kadiri manyoya yanavyokua huweka humo kumbukumbu ya kila wiki. Hofu ya mara moja si neno, kwani humwokoa kondoo na fisi. Lakini mwili unaotishwa kila siku huwaondoa walinzi wake kazini. Vijidudu vilivyokuwa vikiishi kooni miaka yote bila kumsumbua mtu hushuka mapafuni na kukuta hakuna anayelinda. Hapo hahitajiki mtu wa kutia sumu.

Baada ya dakika kumi kichambuzi kilitoa jibu. Manyoya ya Banda la Pili yalikuwa na homoni hiyo mara saba ya yale ya Banda la Sita. Mutinda akakata mengine, kutoka Banda la Nne, la Saba, la Tisa. Jibu lilikuwa lile lile. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajitukana kwa Kikamba.

Aliporudi ofisini zilibaki dakika ishirini kufika saa sita. Aliweka karatasi mezani.

"Hakuna sumu. Ni Mpitisho. Ni mimi. Taa haijui kondoo, inajua mbuzi. Mkanda usimamishwe leo."

Bi. Kerubo alisoma, akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka chini ya kikombe chake. "Nani mwingine ameona hii?"

"Sisi watatu."

"Basi hakuna aliyeona. Daktari, nchi nne zinasubiri taa hiyo. Wiki ijayo inawekwa shuleni na viwandani. Wewe tia sahihi, uende nyumbani upumzike."

"Viwandani? Na watu? Nimekwambia haijui kitu!"

"Inajua vya kutosha. Wafanyakazi wetu mia sita hawajatoa lalamiko hata moja tangu ianze."

"Zahanati imejaa vikohozi tangu ianze!" Mutinda alisema, na ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Alikuwa amepita kwenye foleni ya zahanati kila siku, akadhani ni baridi ya miinuko.

"Tazama basi." Mkurugenzi alielekeza kalamu langoni. "Amefukuzwa, amenyang'anywa nyumba, anangojwa na polisi. Na bado ametulia. Huyo ameumia wapi?"

Mutinda aligeuka. Resian, aliyekuwa amewasuta asubuhi nzima, hakuwa akisema lolote tena. Miguu ilikuwa imekazwa. Vidole vilikuwa vimeshika upindo wa leso mpaka vimepauka, na macho yalikuwa ukutani. Juu yake kipimautulivu kilionyesha kijani, utulivu tisini na saba kwa mia. Tangu daktari alipotoka kwenda maabara hakuna aliyemfungulia.

Mutinda alifungua lango kwa nguvu, akamvuta nje kwa mkono. "Mama Naipanoi, nisamehe."

"Msamaha wako nitamlaza nao mama yangu wapi?" alisema kwa sauti iliyopasuka. "Toka mbele yangu."

Hilo alilistahili. Aliingia yeye mwenyewe langoni, mlango ukajifunga nyuma yake. Moyo ulimdunda hadi masikioni. Alijua kazi imekwisha, na jina lake pia. Alisimama kimya kabisa, taa ikamhukumu: kijani, tisini na tano.

"Umeona?" alisema mkurugenzi kupitia kioo. "Hata wewe."

Mutinda alifumba macho. Akawakumbuka mbuzi wa baba yake siku ya chanjo, walivyofungwa kamba na wanaume kuwakalia shingoni, na kelele waliyopiga hadi ng'ambo ya mto. Alivuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Kisha daktari wa mifugo, mtu mzima mwenye mvi, akapiga mayowe. Alipiga kama mbuzi anayeona kisu, akairusha miguu, akakipiga kioo kwa viwiko, akavuta pumzi na kuanza tena.

Juu ya kichwa chake taa iligeuka nyekundu.

Kule chini ukumbini mkanda ulitetemeka, ukasimama. Milango yote ishirini ya Mpitisho ikafunguka kwa pamoja, na kondoo ishirini wakabaki wamening'inia, kila mmoja akitazama ukuta wake, bila sauti. Wafanyakazi waliacha kazi wakainua vichwa kutafuta kelele inatoka wapi.

"Zima!" Bi. Kerubo alikuwa anapiga kelele kwenye simu. "Zima hiyo taa!"

Resian alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Alishuka mbio, akakata mkanda uliomning'iniza kondoo wa kwanza kwa kisu cha kukatia kwato, kondoo akasimama juu ya miguu yake minne. Akageuka kuwatazama wenzake waliosimama tu.

"Mnangoja nini?" aliwauliza. "Washusheni wawili wawili."