Nusu Ijumaa, Nusu Jumamosi

Safari hii marehemu hakuwa na damu. Jumapili asubuhi, katika ofisi iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, Inspekta Roselyne alionyeshwa kompyuta kuu iliyofutwa ikabaki tupu. Mchezo wa video uliotengenezwa na watu kumi na wanane kwa miaka mitatu ulikuwa umetoweka, pamoja na nakala zake za akiba. Mlango haukuvunjwa.

Nywila walikuwa nayo watatu tu: Urvish, mwenye duka na mfadhili, Edinah, mchoraji, na Okemwa, mwandishi wa programu aliyeanzisha kampuni.

Alianza na Urvish.

"Ulikuwa na bima?"

"Bima gani, afande? Nani atakatia gemu bima hapa?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Ile ya kwanza, ya kuchuma majani chai kwenye simu, walitengeneza wawili, miezi minne tu. Ikatulisha. Mimi ndiye nilisema tufanye kubwa. Tamaa yangu! Ndogo ikianguka, unalia wiki moja unaanza nyingine. Hii ikianguka, inatuangukia sote."

Edinah naye hakuficha kitu.

"Ingeuzwa?" Inspekta alimuuliza.

"Sijui, Madam. Kila mwezi tunaongeza kitu ndio ipendeze. Na kila tukiongeza, lazima iuzwe zaidi ndio gharama irudi."

Mtaalamu wa makosa ya mtandao alileta kumbukumbu za mashine. Nusu ya mchezo ilifutwa Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja jioni. Saa kumi na mbili na nusu kazi ikasimama. Jumamosi, ofisi ikiwa imefungwa, kimya kutwa nzima. Saa moja kasorobo jioni mhalifu akarudi, akamaliza.

Mhalifu gani huyo anayeacha uhalifu wake katikati siku nzima? Inspekta alimjua, na kumjua kulimuuma. Yeye mwenyewe ni Msabato. Kwao, Ijumaa jua likizama, hata jembe lililo mkononi huwekwa chini mpaka Jumamosi jua lizame tena. Edinah ni Mkatoliki, na Urvish husali hekaluni.

"Okemwa, Ijumaa jua lilizama ukiwa wapi?"

"Hapa, Madam."

"Ukifanya nini?"

Kijana alitazama mikono yake. "Nikifuta."

"Mbona ukaacha?"

"Sabato ilikuwa imeingia."

"Uliogopa kuvunja Sabato, hukuogopa kuvunja kampuni?"

"Kampuni ilishakufa, Madam. Kesho Mama alikuwa aweke sahihi benki, shamba lake la chai la Nyacheki liwe dhamana ya mkopo wa kampuni. Nilimwambia gemu haitauzwa. Akasema nimekufa moyo, Mungu hatatuacha. Nikaona nikiiua hii gemu, shamba litapona. Hana kingine."

Inspekta alimhurumia waziwazi. Alipiga simu ya ofisini kwenda Nyacheki amjulishe mama mahali alipo mwanawe, akaweka spika. Mama alipokea kwa Kigusii, sauti imejaa furaha, na hakungoja kuelezwa.

"Ofisi ya Okemwa? Mpeni moyo huyo! Mwambieni nilishaweka sahihi Alhamisi. Nilimkataza Urvish asiseme, nilitaka nimwambie mwenyewe leo. Wafanyakazi wamelipwa jana mishahara yote ya nyuma. Sasa amalize gemu yake."

Okemwa alikuwa amesikia kila neno.

"Haloo?" mama aliita. "Mmemwambia?"