Pengo la Kengele ya Tatu

Foleni ya duka la mikate ilikuwa imefika hadi darajani, na mji mzima wa Wetherlode ulikuwa umejipanga kununua mikate ya msalaba, ile midogo mitamu ya Pasaka yenye alama ya msalaba juu, ingawa Pasaka yenyewe bado ilikuwa mbali. Bryony, msusi mgeni wa saluni ya mtoni, alikuwa amevaa koti la kijani kibichi lililomfanya aonekane kutoka mbali. Piers, fundi mashua, alisimama nyuma yake akijipangusa vumbi la mbao.

"Dada, una mikono mizuri," akasema.

"Na wewe una mdomo mrefu."

"Sitanii. Tuna kengele sita kanisani na wapigaji watano. Mikono kama hiyo tunaitafuta."

Bryony akacheka. Alhamisi iliyofuata akapanda mnara wa kanisa, eti kuangalia tu. Piers akamwonyesha namna ya kuvuta kamba na namna ya kuiachia, mikono yake juu ya mikono ya Bryony, na somo lile likachukua muda mrefu kuliko kawaida. Kufikia katikati ya Kwaresima, kengele ya tatu ilikuwa yake, na Piers alikuwa wake.

"Pasaka utapiga mbele ya mji mzima, mpenzi," Piers alimwambia kwenye simu. "Halafu nina neno nitakuambia."

"Niambie sasa."

"Nikikuambia sasa utakosea mapigo."

Jumatatu ya Juma Kuu, Bryony alipanda mazoezini na kukuta ndoano ya tatu tupu. Kamba yake haikuwepo, Piers hakuwepo. Aliyekuwepo ni Imogen, ambaye mwaka juzi nusura aolewe na Piers, amekaa kwenye benchi na sketi ya hariri, anatabasamu.

"Piers kaniomba nije kupiga Pasaka," akasema Imogen.

Bryony hakuuliza zaidi. Alishuka ngazi akilia. Piers alipopiga simu, alipokea mara moja tu.

"Umenitoa kwenye kamba. Nimekuelewa."

"Bryony, nani kakutoa? Subiri, nisi—"

Akakata, akamfungia namba, akahamia kwa shangazi yake, ng'ambo ya mto. Piers alipofika saluni alikuta imefungwa.

Kwetu kengele hunyamaza Alhamisi Kuu mpaka Jumapili ya Pasaka, kwa hiyo asubuhi ile kila mtu huwa ametega sikio. Sisi tulikuwa kwenye uwanja wa kanisa, na kofia zetu za maua, tukiwafichia watoto mayai ya chokoleti. Kengele zikaanza. Moja, mbili, kisha kimya, nne, tano, sita. Tena vilevile. Wapigaji wa kawaida wangeliziba pengo lile kwa kupiga tano mfululizo, lakini Piers alikataa katakata.

Ng'ambo, shangazi aliacha kukaanga mayai.

"Hizo kengele zina pengo," akasema. "Mtu anasubiriwa huko."

Bryony alijua ni nafasi ya nani. Alivaa koti lake juu ya gauni la kulalia, akavuka daraja mbio na ndala za shangazi, akatupita bila salamu na kupanda ngazi. Kengele zikanyamaza.

Kamba ya tatu ilikuwa mahali pake. Kishikio chake cha sufu kilikuwa kipya, kijani kibichi kama koti lake.

"Kile cha zamani kilikuwa kinakuchubua viganja," Piers akasema. "Nilichukua kamba nikakisuke upya."

"Na huyu?"

"Mimi nipo kwenye kamba ya Bi Maud, mpigaji wetu mkongwe," Imogen akajibu. "Bega linamsumbua. Ungeuliza, shoga yangu."

Bryony aliona aibu mpaka masikio yakawaka. "Nisamehe, Piers."

"Nimekusamehe tangu Jumatatu. Baki hapa. Si leo tu, siku zote."

"Unaniomba nipige kengele au unaniomba mkono?"

"Vyote viwili."

"Tupige kwanza."

Sita zikalia, na pengo likazibika. Ukipiga kengele huruhusiwi kuzungumza, sheria hiyo Bi Maud aliitunza maisha yake yote. Lakini Bryony, macho kwenye kamba, akasema, "Ndiyo, Piers. Nitakuwa mke wako."

Huku chini hatukusikia maneno. Tulisikia kengele ya nne, ya Piers, ikijikwaa mara moja, ikachelewa, ikajipata tena.

Bi Maud, na bega lake bovu, alicheka peke yake kwenye kiti chake pale uwanjani.

"Kakubaliwa huyo," akasema.