Magoti ya Laurean

Jacqueline alikuwa akikunja nguo jikoni, asubuhi ya Kwaresima, aliposikia mumewe akitembea kwa magoti kule besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Kro, kro, kro, juu ya kokoto.

"Laurean, chai tayari!"

Simu ikaita. Ni Laurean, yuko kazini Annandale, anauliza kama mvua imeshaanza huko nyumbani Woodbridge.

Mama yake Laurean alizikwa Bukoba yeye hayupo. Makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa hayajatoka. Angeondoka Marekani, asingerudi. Tangu hapo alijitwika toba kali aliyosimuliwa utotoni: alimwaga kokoto besimenti, akawa anatembea juu yake kwa magoti akisali rozari, kisha anajichapa mgongo kwa kamba yenye mafundo.

Jacqueline akashuka. Hapakuwa na mtu. Palinuka ubani uliochanganyika na damu, na kokoto zilikuwa zimelowa.

Mumewe aliporudi akamweleza. Laurean hakushtuka.

"Ni mama," alinong'ona. "Anasema bado."

"Mama yako alikupenda, Laurean."

"Anasema bado, Jacque."

Basi ile sauti ya magoti ikaanza kupanda ngazi, ikawa inapita sebuleni mchana kweupe, na Laurean akaacha kula, akakonda, na kila alipotaka kusimama magoti yalimkunjika kana kwamba kuna mkono unamkandamiza mabega, hadi siku Jacqueline alipomkuta amejifunga seng'enge kiunoni, miiba imezama nyamani, na kinywa chake kikitoa sauti ya bibi kizee: "Kaza. Kaza tena."

Jacqueline alimpigia Padri Théophile, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa akiwaungamisha. Alifika mbio, akapiga magoti kando ya Laurean.

"Mwana wangu, nilikuungamisha. Mungu alikusamehe. Sasa huyu anasemaka bado, ni nani?"

"Mama."

"Hapana. Mama hawezi kunywa damu ya mutoto wake."

Kicheko kikatoka kwenye kuta. Jacqueline akamkumbatia mumewe kichwa, huku Padri akimwekea begani stola, ule utepe wa kipadri, na kusoma maondoleo kwa sauti, na alipotamka "nakuondolea dhambi zako" seng'enge ikakatika yenyewe, kicheko kikageuka yowe, na yale magoti yasiyo na mtu yakaburuzika kasi kupita miguuni mwao mpaka mlangoni. Mlango ukafunguka. Kimya.

Laurean akalia kwa kwikwi. Kisha akaomba uji.

Jacqueline alimsindikiza Padri kwenye gari lake, akimshukuru njia nzima. Padri akasimama ghafla, ufunguo mkononi.

"Unasikia?"

"Nini, Padri?"

"Siku walimuzika mama yangu, mimi nilikuwa huku." Macho yake yalikuwa kwenye lami. "Sikuambiaka mutu."

"Padri, tuingie ndani. Tafadhali."

Alikunja suruali taratibu, akapiga magoti, akaanza kutambaa kuelekea barabara kuu.