Kivuli Namba Arobaini na Tatu

Ko.

Mlio mmoja tu, wa kisigino cha buti kwenye sakafu ya saruji, nje ya mlango. Miwani aliinua uso kutoka mezani akasubiri wa pili. Haukuja.

"Umesikia?" aliuliza.

Upande wa pili wa meza alikaa mwenzake, mzee waliyemwita Penseli kwa sababu hakuna aliyewahi kuliona sikio lake la kulia bila penseli. Hakuinua kichwa.

"Nimesikia tumbo langu. Linauliza kama tumeajiriwa au tumefungwa."

"Kuna mtu koridoni."

"Mlinzi huyo."

"Mlinzi anavaa kandambili usiku, mzee wangu. Kila mtu anajua."

Alikwenda akafungua mlango. Koridoni palikuwa na balbu moja na ukuta mrefu, basi. Ila palikuwa na harufu. Harufu ya udongo mbichi, uliochimbuliwa sasa hivi, unaotoa jasho lake. Nao walikuwa ghorofa ya tatu.

"Hakuna mtu," alisema, akafunga mlango kwa funguo.

Kazi yao ilikuwa kusoma picha. Kila siku saa tisa alasiri ndege ndogo iliruka juu sana kando ya mpaka uliogombewa, kamera ikiwa tumboni mwake, ikipiga picha kila baada ya pumzi chache. Jioni filamu ilisafishwa. Usiku picha ziliwafikia wasomaji zikiwa bado na unyevu, mbili mbili, na kabla ya alfajiri ripoti ilitakiwa iwe juu ya meza ya Afande, mkuu wa kitengo. Picha mbili za mahali pamoja ziliwekwa chini ya darubini ya mezani yenye macho mawili: jicho la kushoto hii, jicho la kulia ile, na ghafla ardhi ikainuka. Vilima vikavimba, mahandaki yakazama, malori yakachomoza kama meno.

Urefu wa kitu waliutafuta kwa kivuli chake. Ukijua saa, ukajua jua lilikuwa wapi, ukipima kivuli unampata mwenyewe. Na juu ya yote palikuwa na sheria moja: kila picha ilisomwa na watu wawili, mmoja baada ya mwingine, bila kusemezana. Wakiandika kitu kilekile, kitu hicho kilipewa namba na kupigwa mhuri wenye neno moja, KIPO.

"Tukishapiga mhuri," Penseli alipenda kusema, "hata kitu chenyewe hakiwezi kubisha."

Wiki ile ng'ambo ya mpaka palikuwa pakijaa. Jumatatu malori arobaini. Jumatano mia na kumi. Ijumaa mizinga chini ya nyavu, na mahema yaliyopangwa kwa mistari iliyonyooka. Lakini kitu kilichomtia Miwani baridi usiku ule wa Ijumaa hakikuwa ng'ambo. Kilikuwa upande huu, juu ya kilima kilichokuwa nyuma ya kituo cha tatu cha jeshi lao.

Kilikuwa kivuli, na hakikuwa na mwenyewe.

Kivuli cha mtu aliyesimama, juu ya jiwe tupu. Kitabu cha kazi kilisema wazi kwamba kivuli kisicho na mwenyewe ni doa la filamu, na doa hufutwa. Miwani alishika kifutio. Kisha akaliona bega. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, kama la kijana aliyeanguka utotoni kutoka juu ya paa la bati na kuungwa vibaya. Mdogo wake. Askari wa kituo cha tatu, ambaye miaka miwili iliyopita barua ilisema hajulikani alipo, haikusema zaidi.

Akaweka kifutio chini. Akachukua rula.

Kuna jambo jingine aliloliona usiku ule akalinyamazia. Saa tisa alasiri jua huwa limeelekea magharibi, na vivuli vyote, vya miti, vya malori, vya vibanda, vilikuwa vimelala mashariki. Hiki kililala magharibi. Kilikuwa kimelielekea jua. Alikitazama mara mbili, halafu katika safu ya upande akaandika kama alivyoandika kwa vingine vyote: mashariki. Urefu, futi sita kasoro inchi mbili. Ulikuwa urefu wa mdogo wake, sawasawa.

Penseli, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka na zamu nne mfululizo, alisoma baada yake. Aliandika: mtu, futi sita kasoro inchi mbili. Mhuri ukashuka. Namba arobaini na tatu.

Asubuhi Miwani alifanya kosa la pili. Kazi ile ilikuwa ya siri, hata mume na mke hawakuambiana. Lakini alimkuta mama yake amekaa kitandani mwa mdogo wake, kitanda kilichotandikwa kila siku kwa miaka miwili, na ulimi ukamteleza.

"Mama, nimemwona mtu. Karibu na kile kituo."

Mama hakuuliza mtu gani. Aliweka kiganja juu ya mdomo wa binti yake, taratibu.

"Usilitaje," alisema. "Nilikwambia. Jina lake nimelishika mimi. Atalisikia kwangu kwanza, siku atakayosimama mbele yangu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ile tangu barua ilipofika. Jirani aliyelitaja alionyeshwa mlango. Mama hakukubali wala hakukataa kwamba mwanawe amekufa. Alilifungia jina ndani yake, akawa analitunza.

Jumapili, namba arobaini na tatu haikuwa kilimani. Ilikuwa barabarani, kilomita nane ndani. Na kituo cha tatu hakikuwa na moshi.

"Wamehamishwa," Penseli alisema.

"Viatu vyao viko nje ya mahema, mzee. Tazama. Jozi jozi."

Jumatatu kivuli kilifika kituo cha pili. Jumanne kituo cha pili nacho hakikuwa na moshi. Miwani alipeleka picha kwa Afande, mtu mnene aliyekunywa chai ya rangi bila kuketi.

"Binti, mimi nahesabu malori," Afande alisema. "Malori yana mizinga. Kivuli kina nini?"

"Kinatembea, afande. Kinakuja huku."

"Basi kikifika kipe kiti."

Usiku wa Jumatano Penseli hakuchekesha. Alikuwa ametoa picha zote za namba arobaini na tatu na kuzipanga. Aliongea kwa sauti ya chini, kana kwamba mtu alikuwa amelala chumbani.

"Njoo hapa. Kivuli hiki kimelala wapi?"

Miwani aliinama juu ya picha ya kwanza.

"Magharibi," Penseli alijijibu. "Nimekiona leo. Wewe umekiona lini?"

"Siku ya kwanza."

"Na ukaandika mashariki."

"Lile bega ni la mdogo wangu, mzee."

Penseli aliitoa penseli sikioni akaitazama, kama mtu asiyejua ni ya nini. "Mimi nina wajukuu," alisema. "Nenda kaoshe uso. Nitaisoma tena peke yangu, kisha tukaifute."

Alipokuwa bombani Miwani alisikia buti, ko, moja tu, na safari hii haikuwa koridoni bali ndani ya chumba walichokuwa wamekifunga, na alipofika alimkuta Penseli ameinamia darubini, paji la uso limegandamana na chuma, harufu ya udongo imejaa mpaka kooni, na mkono wake wa kulia unachora duara, duara, duara, juu ya karatasi iliyokwisha kutoboka. Alimvuta begani. Macho ya mzee yalikuwa wazi, nayo yalikuwa meupe kama karatasi iliyotolewa kwenye dawa kabla picha haijatokea.

"Amesimama," Penseli alisema. Hakusema neno lingine tena, wala hospitalini walikompeleka hakulisema.

Kulipokucha Miwani alificha picha moja ndani ya nguo akaenda kwa mganga, bibi kizee aliyeishi nyuma ya karakana ya baiskeli, aliyesifiwa kwamba hakuna jini aliyewahi kumshinda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Usikiweke kwenye mkeka wangu hicho. Kishike mwenyewe."

Bibi aliitazama kwa mbali, kichwa kikiwa upande.

"Huyu alikuwa amelala kilimani kwake," alisema. "Hana sura, hana shida na mtu. Nani alimpima?"

"Mimi."

"Ukampa urefu. Wa nani?"

"Wa mdogo wangu."

"Na namba mkampa. Na mwenzako akashuhudia."

"Nifanyie dawa, bibi. Mfukuze."

"Mjukuu wangu, mimi namfukuza aliyeingia bila ruhusa. Huyu wako ana mhuri." Bibi alianza kukunja mkeka. "Kabakiza kitu kimoja tu, jina. Akilipata atakuwa na kwao, na wote aliowachukua njiani watamfuata hapo. Asiitwe. Hata kwa kunong'ona. Sasa nenda, na usirudi kwangu."

Alikimbia mpaka ofisini. Kama mhuri ndio uliomweka, mhuri ungemwondoa. Alimwomba Afande namba arobaini na tatu ifutwe kitabuni, alimwomba akiwa amepiga magoti, na Afande akamwinua kwa aibu.

"Kufuta kunataka saini mbili, binti. Za wasomaji walewale. Kampelekee Penseli kalamu, akiweza kusaini nitafuta mimi mwenyewe."

Mkono wa Penseli, pale kitandani hospitalini, ulichora duara. Miwani alimshikisha kalamu mara kumi na moja. Duara mara kumi na moja.

Aliporudi ofisini filamu ya siku ile ilikuwa tayari. Kila ndege iliporuka ilipiga kwanza picha moja ya mji, kuijaribu kamera, picha ambayo hakuna aliyeisoma. Miwani aliisoma. Alizipita paa za soko, uwanja wa mpira, karakana ya baiskeli ambayo mlango wake ulikuwa umeachwa wazi na ua wake mtupu, akafuata barabara kwa ncha ya penseli ya mzee, akahesabu nyumba, moja, mbili, tano, na mbele ya mlango wa ile ya sita, ambayo bati lake alilifahamu kutu kwa kutu, kivuli kilikuwa kimelala kikielekea jua, bega moja chini, na nyuma yake barabara nzima ilikuwa imejaa vivuli vingine, mistari kwa mistari, iliyonyooka kama mahema.

Picha ilipigwa saa tisa. Sasa ilikuwa saa moja.

Alikimbia, viatu vikamtoka akaviacha, akapita maduka yaliyokuwa yakifungwa na watu waliomuuliza dada vipi, akapita kona ambapo watu waliisha na mbwa waliisha na sauti ya redio ikaisha, na kuanzia hapo mtaa wake wote ulinuka handaki, ulinuka chini ya ardhi, naye alikimbia katikati ya barabara tupu akipishana na vitu asivyoviona lakini vilivyomgusa mabega, vingi, baridi, vikiwa vimesimama kwa utulivu kama askari wanaosubiri amri. Aliingia kwa mlango wa uani akafunga komeo.

Mama alikuwa amesimama sebuleni katika gauni lake zuri. Maji ya kuoga yalikuwa yamechemka. Mlango wa mbele ulikuwa bado umefungwa.

"Mama," sauti ilisema nje. Ilikuwa sauti ya mdogo wake, hata ule mkwaruzo wa asubuhi. "Mama, nimefika. Niite niingie."

"Usimjibu," Miwani alinong'ona, akimshika mikono. "Mama, nakuomba. Huyo si yeye. Mimi ndiye niliyemtengeneza. Nilimpima kwa rula, nikaandika uongo kwenye kitabu. Hana kitu chochote chake, hata urefu nimempa mimi."

"Mama. Miguu inaniuma."

"Ukimwita tumekwisha. Sisi na mtaa mzima. Wako nje wote, mama, wamejaa mpaka kona."

Mama alimtazama binti yake, akampangusa jasho usoni kwa upande wa kanga, kama alivyokuwa akimpangusa alipotoka shule.

"Unadhani mama hamjui mwanawe?" alisema taratibu. "Tangu alasiri namsikiliza. Mwanangu angekwisha kuuvunja huu mlango, angenitania, angeuliza kuna nini jikoni. Najua si yeye."

"Basi nyamaza, mama! Tukae kimya mpaka kuche."

"Halafu kesho? Nikakae tena kwenye kile kitanda?" Aliugeukia mlango. "Miaka miwili, mwanangu. Limenioza mdomoni. Sina mtu wa kumwita kwalo, na huyu peke yake ndiye aliyekuja kuniomba."

"Mama," sauti ilisema, karibu kabisa na mbao.

Miwani alijitupa kumziba mdomo, na mama, ambaye hakuwahi kumsukuma mtoto wake maishani, alimsukuma. Akaweka viganja viwili kwenye mlango. Akafumba macho. Na kwa sauti ile aliyoitumia zamani kumwita mtoto kutoka michezoni giza linapoingia, ndefu, isiyo na haraka, akaliita jina la mwanawe, lote, pamoja na la baba yake.