Picha Haichomwi

Majirani pale mjini Yeongju walisema Haeran ana bahati: amemuuguza mavyaa yake miaka tisa, sasa anapumzika. Mapumziko yenyewe ndiyo haya: tangu alfajiri kasimama jikoni, anakaanga samaki na tofu za soya za tambiko la kumkumbuka bibi kizee yuleyule. Miguu inawaka moto. Mgongo ndio usiseme.

"Baba Jinho, hujaandika karatasi?" alimuuliza mumewe, Cheolgyu.

Kila mwaka Cheolgyu huandika jina la mama yake kwenye karatasi, huisimamisha juu ya meza ya vyakula, na wakishamaliza kusujudu huichoma. Moshi ukipaa, marehemu kashiba, anakwenda zake. Mwaka huu alitokea na picha kubwa ya fremu.

"Karatasi ya nini? Mwandiko wangu kama kuku kaparura. Picha inajieleza yenyewe. Tazama, si mama huyu?"

"Ni yeye. Ndiyo taabu yenyewe. Karatasi tunachoma, anaondoka. Hii je?"

"Unataka nichome uso wa mama yangu, wewe?"

Haeran hakuwa na nguvu za kubishana. Walisujudu, wakala. Hakuna kilichochomwa.

Kesho yake mchana alijilaza. Akasikia kijiko kinagongwa bakulini. Ngo. Ngo. Ndivyo bibi alivyomwita miaka yote ile. Miguu ikainuka kabla akili haijakumbuka kwamba nyumba haina mtu.

Pichani, mdomoni mwa mavyaa, palikuwa na punje ya wali.

Akaifuta. Ilikuwa upande wa ndani wa kioo.

Siku zilizofuata hakulala. Akijiegesha tu, ngo, ngo. Cheolgyu hakusikia kitu; lakini Cheolgyu hakuwahi kukisikia kijiko kile hata mama yake alipokuwa hai.

Mwishowe Haeran akaandika karatasi mwenyewe. Jina peke yake halikumtosha. "Mama, nilikulisha. Nilikuogesha. Nilikugeuza kitandani usiku na mchana. Nimechoka, mama. Nenda salama."

Akaichoma kwenye sinki. Maneno yote yakawa majivu.

Kimya.

Akalala kama gogo mpaka jioni.

Aliamshwa na sauti ya mumewe sebuleni. Cheolgyu alikuwa amesimama mbele ya picha, anatabasamu.

"Mama Jinho, njoo uone! Kumbe picha hii mlipiga pamoja, nami sikuwahi kuona? Tazama mama anavyofurahi!"

Haeran akasogea.

Mavyaa alikuwa anacheka, mdomo wazi. Kando yake mwanamke amepiga magoti, kavaa aproni ya Haeran, kainua kijiko. Uso ni wa Haeran. Hakuna shaka.

"Imekugusa, ee?" Cheolgyu alinong'ona.

Haeran akajishika kichwa. Nywele zake zilikuwa nyeusi bado, mvi hata moja haijaota.

Za yule mwanamke wa pichani zilikuwa nyeupe zote, kama za mtu aliyeshika kijiko kile mpaka uzeeni.