Baba Yangu Anajulikana

Kila asubuhi nilifagia uwanja, nikapika uji, kisha nikapiga magoti mbele ya Bibi, viganja vimekutana, nikamwamkia. Baada ya hapo ndipo nilipokwenda shule. Asubuhi ile nilimkuta ameishika fomu yangu ya kuomba ufadhili kichwa chini miguu juu, maana Bibi hajui kusoma.

"Imebaki nini humu, Rofhiwa?" aliniuliza.

"Sahihi ya baba tu."

Bibi akaguna. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita. Baba, Azwindini Mudau, yuko hai na ana afya tele. Ana bucha mbili mjini Thohoyandou, mke mwingine, na watoto wanaosoma shule za kulipia. Mimi hajawahi kuninunulia hata soksi. Sasa nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha ufundi wa mitambo ya maji. Mfuko wa serikali unaosomesha watoto wasio na uwezo ulitaka baba asaini kuruhusu mapato yake yaangaliwe. Nilimpigia simu mara tatu. Mara ya tatu alisema hataki mtu amchungulie mfukoni, akakata. Zilibaki siku nne maombi yafungwe, na bila ufadhili ule nafasi yangu angepewa mwingine.

"Andika kwamba hajulikani," Bibi alisema. "Wenzako wote wanaandika hivyo."

"Bibi, huyo si mwanao wa kumzaa?"

"Ndiyo maana nakwambia. Usimwanike mwanangu mbele za watu."

Nilikasirika, lakini baada ya masomo nilikwenda kituo cha polisi, kwani ndiko tunakoapia kila kitu. Nje ya geti alikaa jamaa mmoja na mashine yake ya fotokopi chini ya mwavuli. Alikuwa anauza hati za kiapo zilizokwisha kuchapwa: "Mimi fulani naapa kwamba baba yangu hajulikani wala sijapata kumwona." Wewe unajaza jina tu.

"Chukua hii, dada," aliniambia. "Mwezi huu ndiyo inayotembea. Za 'mbuzi wangu ameibiwa' hazina soko."

Nikainunua, nikajaza jina, nikapanga foleni. Kwenye kaunta alikuwa Sajini Nemukula, mama mnene mwenye miwani. Akaisoma hati, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Mudau. Wa bucha?"

Nikajifanya natafuta kalamu kwenye begi.

"Jumamosi nimenunua utumbo kwa baba yako, akaniongezea na ini. Leo hajulikani?"

Foleni nzima ikacheka. Masikio yangu yakawaka moto.

"Haya, nyanyua mkono wa kulia uape," alisema Sajini.

Nikaunyanyua hadi begani, nikaushusha. Niliona aibu, ndiyo, lakini zaidi ya aibu nilipandwa na hasira. Mimi nilikuwa nimekosa nini hata nisimame pale nikichekwa kwa ajili ya mtu mwingine?

"Siapi," nikasema. "Naomba karatasi nyeupe."

Niliandika palepale kaunta: Baba yangu anaitwa Azwindini Mudau. Yuko hai na anajulikana. Nimemwomba sahihi mara tatu, amekataa. Hanilishi wala hanisomeshi. Nalelewa na bibi yangu. Kisha nikanyanyua mkono, nikayasoma yote kwa sauti, nikaapa. Safari hii hakuna aliyecheka.

Sajini akagonga muhuri. "Hapa umesema, binti. Baba akikataa, kiapo kama hiki hupokewa badala ya sahihi yake. Ila hili ni neno lako peke yako. Mfuko watataka mtu mzima wa ukoo naye athibitishe. Mlete bibi yako."

Bibi aliposikia habari hiyo alikuja juu. "Nikamwapie mwanangu polisi? Mimi niliyemnyonyesha?"

"Basi twende kwake wote wawili," nikamwambia. "Akisaini, hutaapa."

Hapo akatulia. Aliamini kabisa kwamba Azwindini hawezi kumkatalia mama yake.

Kesho yake Bibi alivaa nguo zake za mistari za sherehe na shanga zake zote. Tulimkuta baba nyuma ya kaunta, aproni imelowa damu, wateja sita wakisubiri.

"Mama, mbona hukunipigia simu kwanza?"

Bibi akaweka fomu juu ya kaunta. "Saini, mwanangu. Mtoto anataka kusoma."

Baba hakuigusa. "Mama, watu wa serikali wakiingia kwenye mambo yangu hawatoki. Na huyu anasomea nini? Mabomba? Amekuwa mkubwa sasa, atafute kazi."

"Huyu ana jina," nikasema.

"Nyamaza. Naongea na mama yangu."

"Sinyamazi. Nimenyamaza miaka kumi na miwili, na sijaona faida yake."

Wateja wakatazama chini. Baba akachota mifupa ya supu, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akamsukumia Bibi. "Chukua, mama, mkachemshe. Mambo ya fomu yaishe."

Bibi aliushika mfuko ule. Nilidhani angeuchukua, kwa sababu nyumbani tulikuwa tunakula ugali na mboga za majani wiki nzima. Akaurudisha upande wa pili wa kaunta.

"Azwindini," alisema, "nimekuja na fomu. Siondoki na mifupa."

Tulitoka pale moja kwa moja hadi kituoni. Bibi alisema, Sajini akaandika. "Mimi ndiye mama mzazi wa Azwindini. Nimemwomba mbele ya wateja wake, amekataa. Mtoto huyu nimemlea mimi."

"Una hakika, mama?" Sajini aliuliza. "Muhuri ukishagongwa haufutiki."

"Gonga," alisema Bibi, akabonyeza kidole gumba kwenye wino.

Tulituma karatasi zote siku ya mwisho, kwa kompyuta ya maktaba. Mfuko walinipigia simu mara mbili kunihoji, nami nilijibu yaleyale niliyoyaandika. Wiki ya sita jibu likaja: nimekubaliwa, ada na chakula na malazi. Nililia, sitaki kuficha.

Baba alimtuma mtu kusema kwamba tumemdhalilisha. Bibi alimkaribisha mtu huyo uji, akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia arudi salama.

Alipoondoka nilimuuliza Bibi kama anajuta.

"Najuta yale maneno niliyokwambia kwanza," alijibu. "Nilikutuma ukadanganye, nikidhani naficha aibu ya nyumba. Aibu hiyo haikuwa ya nyumba, Rofhiwa, ilikuwa yake. Wewe ungeapa uongo, wewe ungechekwa, na siku ukigundulika wewe ungefukuzwa chuo. Yeye angeendelea kuuza nyama. Mtu akikutupa, usimsaidie kujificha. Sema kweli yako kwa jina lako, na wanaokupenda wataona aibu kukuacha usimame peke yako. Mimi niliona."