Nikiwa Edani, Shoga Yangu Alivipiga Bei Vitu Vyangu

Nina miaka thelathini na nne, ni mjane, na mtoto wangu mmoja wa kike hakai na mimi. Naishi Kunduchi hapa Dar, chumba kimoja, na ndani yake hamna pa kukalia zaidi ya godoro na ndoo iliyogeuzwa. Wasomaji wenzangu, sikuwa hivi...

Marehemu mume wangu alikuwa akiuza samaki wa barafu. Tulipanga nyumba nzima, tuna friza kubwa, makochi, na kabati la mninga ambalo kila mgeni aliuliza fundi wake. Asubuhi moja akajiandaa kwenda kazini, akaanguka mlangoni. Kufika hospitali, ameshakata roho.

Nikaingia eda. Sisi watu wa pwani tunajua, mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo wala hazungumzi na wanaume wa kando. Na kodi ilikuwa inaisha! Mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Shemeji yangu wa Tanga akasema, kwa upole kabisa, kwamba nikikosa pa kukaa atamchukua mwanangu Hidaya akalelewe kwake. Vitu vya ndani ndugu wa mume waliniachia vyote. Nikaamua kuviuza, nilipe kodi, nibaki na mwanangu.

Nani angeniuzia? Zuhura, shoga yangu tangu madrasa. Kwa kupatana bei Zuhura hana mpinzani mtaani, akienda kununua muuzaji huishia kumwongezea. Nikasema Mungu si Athumani, nimepata wa kunitetea.

Jumamosi vitu vikatolewa uani. Mimi nipo chumbani, pazia limeshushwa, nasikiliza tu. Akaja mwanaume mwenye sauti ya kukwaruza.

"Sista, friza lenyewe limechoka hili. Mlango haufungi, linanuka samaki."

"Kaka yangu, mwenyewe mjane, ana mtoto mdogo. Ongeza basi," Zuhura akambembeleza.

Akataja bei ya dharau, akaondoka. Wa pili akataja chini zaidi. Wa tatu, mwanamke, akasema kabati limeliwa na mchwa. Mchwa! Kabati nililolifuta kila siku kwa mkono wangu... Lakini ningetokaje?

Kila mara Zuhura alikuja dirishani kuniuliza. "Shoga, soko limekufa. Wote wanasema hivyohivyo, niwaambieje?" Watu wote hao waseme uongo? Nikaanza kuamini kwamba nilikuwa naishi na takataka.

Jioni yule wa sauti ya kukwaruza akarudi. Akaongeza kidogo juu ya wenzake, akataka kuchukua vyote kwa pamoja. Nikasema sawa. Nikamshukuru Zuhura huku nalia, nikamwombea na dua.

Hela haikufika hata nusu ya kodi. Shemeji akaja, akamchukua Hidaya. Mwenye nyumba alinihurumia tu, akaniacha nimalizie eda kwenye nyumba tupu.

Eda ilipokwisha, safari yangu ya kwanza ilikuwa kwa Zuhura, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Wazo. Nilimbebea vitumbua vya shukrani. Nikapiga hodi.

"Karibu sista, pita ndani."

Ni sauti ile ile. Alikuwa bwana mpya wa Zuhura, ambaye sikuwahi kukutana naye, amejinyoosha kwenye makochi yangu! Kabati langu limejaa vyombo vyao. Friza ambalo mlango haufungi limejaa juisi na barafu za kuuza.

Zuhura akatokea jikoni. Nikamuuliza, na wale wanunuzi wengine walikuwa nani? Yule bwana akacheka, akasema ni ndugu zake. Zuhura hata hakushtuka.

"Kwani nilikulazimisha? Kila bei nilikuja kukuuliza, wewe mwenyewe ukasema sawa."

Nilikwenda kwa mjumbe. Naye akaniuliza kama nilikubali. Nikajibu ndiyo, na kesi ikaishia hapo. Ningesema nini tena?

Wajane wenzangu, kikulacho ki nguoni mwako. Nawaomba kwa uchungu wangu, msiuze kitu kwa kusikia tu. Mwekeni ndugu wa damu atazame nani ananunua na vitu vinapelekwa wapi. Na anayekuja kukwambia kitu chako hakina thamani, muulize kwanza mbona bado anakitaka. Mimi sikuuliza, na Zuhura sijamsamehe hadi leo. Msinihimize.

Likizo iliyopita Hidaya aliletwa na mke wa shemeji kunitembelea. Alinipa shikamoo, akakaa ukingoni mwa godoro bila kuvua viatu. Nikampikia wali wa nazi na samaki, chakula alichokuwa akikililia zamani. Alikula kidogo, akasogeza sahani.

"Mama wa Dar," akaniita, "mama atakuja lini kunichukua?"

Nikamwambia Jumapili.